Ottmar Hebestreit, Mtu Asiyegombana

Pale Kalkrode, ukisimama mbele ya kanisa Jumapili baada ya misa ukaita "Hebestreit", watageuka karibu watu wote isipokuwa padri, na padri hageuki kwa sababu yeye ametoka mbali, ng'ambo ya bahari, Kerala. Jina hilo limejaa kijijini kama nyasi. Liko kwenye masanduku ya barua, kwenye mawe ya makaburi, kwenye jezi za timu ya mpira, na kwenye mlango wa daktari wa meno aliyerudi kutoka mjini akidhani amekuja kupumzika.

Kwa hiyo wenyeji hawahangaiki nalo. Huitana kwa nyumba, kwa kazi, au kwa kasoro. Yuko Hebestreit wa Kinu, ingawa kinu chenyewe kilibomoka kabla babu yake hajazaliwa. Wako kina Hebestreit Kiziwi, ambao wote wanasikia vizuri sana, tena hata yasiyowahusu. Aliyekuwa kiziwi ni babu wa babu yao. Na yuko Hebestreit wa Soseji, mwenye bucha ya barabara ya chini, aliyebatizwa Ottmar. Habari zenyewe ni za huyu.

Ottmar alikuwa mtu mkubwa. Mabega yake yaliingia mahali kabla yake, na viganja vyake vilikuwa vipana kama sinia. Lakini sauti aliyojaliwa ilikuwa ya mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Mteja akimwambia nyama hii ni ya jana, na nyama ameikata mwenyewe asubuhi ile, Ottmar atasema, "Inawezekana." Akiambiwa soseji imezidi chumvi, "Inawezekana." Anayefuata akidai haina chumvi kabisa, "Hilo nalo linawezekana." Wahuni wa baa waliwahi kulifanya hilo mchezo. Waliingia dukani mmoja baada ya mwingine, huyu akisema mvua itanyesha, yule akisema haitanyesha, kuona kama Ottmar atachoka. Hakuchoka. Aliwafungia nyama zao, akawatakia siku njema, yenye mvua na isiyo na mvua.

Kituko ni kwamba jina lake, ukilitafuna kipande kwa kipande kwa lugha ya kwao, maana yake ni Anzisha-Ugomvi. Mtoto yeyote wa pale anajua. Ila watu wa Kalkrode walikuwa na maelezo yao: kwamba Hebestreit wa kwanza alikuwa shujaa wa kivita, mpanda farasi, aliyeinua bendera ya mfalme fulani kwenye mapigano fulani. Mfalme gani na mapigano gani, ilitegemea anayesimulia na bia aliyokwisha kunywa.

Woga wa Ottmar ulikuwa na chimbuko lake. Baba yake na baba yake mkubwa waliishi nyumba moja iliyokatwa katikati kwa ukuta, na hawakusemezana tangu Ottmar hajaota meno mpaka alipoota ndevu. Chanzo kilikuwa mti wa matufaha uliosimama mpakani: matunda yanayoangukia upande wa pili ni ya nani. Mti ukafa kwa baridi, ukakatwa, kuni zake zikachomwa kwenye majiko yote mawili, na ugomvi ukaendelea bila mti. Mama yake Ottmar na mke wa baba mkubwa walisalimiana kwa siri kwenye kamba ya nguo, kama wapenzi. Ottmar alikunywa supu yake ya utotoni ndani ya kimya kile, akajiapia kwamba akiwa na nyumba yake hakuna neno kali litakalopita mlangoni.

Akakitimiza kiapo. Alioa Mechthild, naye Hebestreit, wa wale kina Kiziwi. Padri wa wakati ule alihesabu vizazi kwa vidole mpaka vidole vikamwishia, akasema wanaweza kuoana bila dhambi, ila wasimletee tena hesabu kama ile. Mechthild alizaliwa Hebestreit, akaolewa Hebestreit, akafa Hebestreit. Mchonga mawe ya makaburi hakuuliza jina, aliuliza tarehe tu.

Hawakugombana hata siku moja. Siku ya mazishi watu walilisema hilo kwa sifa, na Ottmar akaitikia kwa kichwa. Ni baadaye, alipoanza kutenga sahani moja mezani, ndipo alipopata muda wa kufikiri. Mpaka uliokata nchi mashariki na magharibi ulipofunguliwa na seng'enge kung'olewa, Mechthild alisema anatamani kuiona bahari. Ottmar akasema, "Inawezekana." Mwaka uliofuata akasema tena, akajibiwa vilevile. Halafu akanyamaza, na Ottmar hakuuliza kwa nini amenyamaza, kwa sababu kuuliza kungeweza kuleta maneno. Bahari wakaiona kwenye kalenda ya benki iliyotundikwa jikoni.

Basi Ottmar akabaki na bucha yake, miaka ikaenda, mpaka mpiga kinanda wa kanisa alipoteleza kwenye ngazi akavunjika mguu.

Aliyeletwa kushika nafasi yake alikuwa mwanamke, Roswitha Sauerbrey, mwalimu wa muziki aliyestaafu na ambaye hakuwahi kuolewa. Alitoka upande wa pili wa ule mpaka wa zamani, karibu na Duderstadt. Siku hizi ni mwendo mfupi wa gari; zamani, askari na mbwa walipokuwa katikati, ilikuwa rahisi zaidi kwenda mwezini. Alikuwa mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, na alipiga nyimbo za misa kwa kasi kiasi kwamba wazee wa kwaya walifika ubeti wa mwisho wakihema kama waliokimbizwa na ng'ombe.

Jumamosi moja aliingia buchani, akaonja kipande cha soseji iliyokaushwa.

"Hii imezidi kitunguu saumu," akasema.

"Inawezekana," Ottmar akajibu.

"Haiwezekani. Ama kimezidi au hakikuzidi. Aliyekitia ni wewe. Kimezidi?"

Ottmar akaitazama soseji. Akautazama mlango. Hapakuwa na mteja mwingine wa kumwokoa.

"Hakikuzidi," akasema, kwa sauti ndogo sana.

"Haya. Nipimie nusu kilo."

Siku nzima Ottmar alijisikia kama mtu aliyevunja kioo cha jirani na hakuna aliyekuja kulalamika. Jumamosi iliyofuata alivaa aproni mpya. Iliyofuata akanyoa ndevu mara mbili. Kijiji kiliona, maana Kalkrode hakuna cha kufichika, na kabla Ottmar mwenyewe hajajua kwamba anampenda Roswitha, kina Kiziwi walikuwa wameshajadili nani ataoka keki za harusi.

Ikawa kweli wakakubaliana kuoana. Ila mama wa ofisi ya ndoa akawaambia kwenye simu kwamba kuna jambo waamue kwanza: watatumia jina la ukoo la nani. La bwana, la bibi, au kila mtu abaki na lake. Sheria inaruhusu yote.

Waliliongea jikoni kwa Roswitha, juu ya keki ya maziwa mgando.

"Mimi nilidhani utachukua langu," Ottmar akasema, akiisemesha keki.

"Kwa nini?"

"Ndivyo watu wanavyofanya."

"Watu wa wapi?"

"Wa… Kalkrode."

"Watu wa Kalkrode hawana jina la kubadilisha, baba. Mwanamke anatoka kwa Hebestreit anaingia kwa Hebestreit, kama mtu anayehama kiti." Roswitha akaweka uma chini. "Nisikilize. Unajua langu maana yake nini?"

Ottmar alijua. Sauerbrey ni Uji-Mchachu. Hakutaka kuwa yeye wa kulitamka.

"Uji mchachu," Roswitha akasema. "Babu yangu alikuja nalo kutoka huko kwenu mashariki, kabla ya seng'enge, ambako wamo wengi na hakuna anayeshangaa. Upande wetu tulikuwa sisi peke yetu. Shuleni walinimwagia uji kwenye mkoba. Nikipita walijifanya wanatapika. Nilipoanza kufundisha, wanafunzi nao wakaligundua, kila mwaka darasa jipya likijiona ndilo la kwanza kuligundua. Nimelibeba mpaka limekuwa jepesi. Sasa nilitue chini nibebe Anzisha-Ugomvi?"

"Letu si la ugomvi," Ottmar akasema. "Ni la shujaa."

"Shujaa gani?"

Ottmar akamsimulia ya mpanda farasi na bendera. Roswitha alicheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye kisosi.

"Nasikia mna sherehe yenu ya ukoo mwezi ujao, na mtaalamu wa majina anakuja," akasema akijifuta macho. "Basi tumngoje. Akisema mlitokana na shujaa, nitaitwa Hebestreit na nitalibeba vizuri. Akisema mlitokana na mgomvi wa kilabuni, kila mtu abaki na lake. Umekubali?"

"Inaweze—"

"Ottmar."

"Nimekubali," Ottmar akasema.

Sherehe yenyewe ilikuwa ya Burkhard Hebestreit, yule wa Kinu, mwenyekiti wa chama cha utamaduni na mtu pekee kijijini anayevaa tai siku za kazi. Alikuwa amewaalika kina Hebestreit wa kila mahali. Wakaja kutoka Erfurt, wakaja kutoka miji ya makaa ya mawe ambako babu zao walikwenda kutafuta kazi, na mmoja akaja kutoka Marekani, mtu mkarimu aliyevaa kofia pana na kulitamka jina kwa namna ambayo hakuna aliyejua kwamba anajitambulisha. Ukumbi wa zimamoto ulijaa. Ukutani Burkhard alikuwa ametundika bango kubwa alilolichora kwa mkono wake: shujaa, bendera, na farasi. Ottmar alipewa kazi ya kuchoma soseji, na jiko likawekwa karibu na mlango wa nyuma ili moshi utoke. Roswitha akapata kiti hapo hapo.

Mtaalamu alikuwa mwanamke kutoka kaskazini, Dakta Swantje Harmsen, mfupi, mtaratibu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuwapa watu habari wasizozitaka.

"Watu hudhani majina ya ukoo yalitolewa kwa heshima," akaanza. "Mengi yalitolewa kwa uchovu. Zamani mtu aliitwa Hans, basi. Miji ikakua, karani akajikuta ana kina Hans benchi zima wanaomsubiri, na lazima aandike ni Hans yupi amekuja kwa shauri gani. Akaandika Hans mhunzi. Hans wa kule mlimani. Na yule ambaye kila akinywa anatafuta mtu wa kushikana naye mashati, karani hakuhitaji kufikiri sana."

Burkhard akasimama.

"Dakta, samahani. Hilo neno la ugomvi, zamani si lilimaanisha vita pia?"

"Lilimaanisha hivyo pia, bwana Hebestreit. Siwezi kuapa kwamba hakuna askari hata mmoja aliyeitwa hivyo."

"Mmesikia," Burkhard akawaambia watu.

"Lakini majina ya namna hii, ya kitendo na kitu, yalikuwa ya utani wa mitaani. Wapo walioitwa Chukia-Jembe, na Meza-Bia, na vizazi vyao bado vipo na wanalipa kodi kama kawaida. Na tukiangalia vijiji vya wakati ule, mashujaa walikuwa haba. Wagomvi walikuwepo kila kilabu."

Akawasha projekta. Ukutani ikatokea ramani ya nchi nzima, nyeupe kama sahani iliyooshwa, ila katikati doa jekundu kama mtu amemwagia maji ya bitiruti.

"Hapa ndipo jina lilipo kwa wingi," akasema. "Hapa ndipo mlipokaa sasa. Kwingine ni nukta moja moja. Jina hili halikusafiri sana."

"Maana yake nini?" akauliza mama mmoja wa mbele.

"Maana yake babu zenu hawakuondoka."

"Walikuwa hawajamaliza ugomvi," sauti ikasema kutoka nyuma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Watu wa barabara ya juu walicheka, wa barabara ya chini wakauliza wanacheka nini. Mzee mmoja wa juu akasema kama huyo mgomvi wa kwanza alikuwepo, bila shaka alikaa kule chini. Mama wa chini akasema afadhali mgomvi kuliko watu waliokataa kuazimisha pampu wakati wa mafuriko. Pampu ikaleta uzio, uzio ukaleta tarumbeta la bendi lililopotea enzi za serikali ile ya seng'enge, na tarumbeta likaleta mambo ya nani aliolewa na nani kwa sababu gani. Daktari wa meno alijaribu kusuluhisha, akakumbushwa jino la mtu. Mmarekani, ambaye hakuelewa neno hata moja, alitabasamu na kupeana mikono na kila aliyesimama. Dakta Harmsen alikunja waya wa projekta polepole, na uso wake ulikuwa wa mtu anayejitahidi sana asionekane ameridhika.

Kwenye kiti chake karibu na jiko, Roswitha alikuwa anacheka. Alijaribu kuziba mdomo kwa leso, lakini mabega yalimsaliti.

Burkhard akamwona.

"Na wewe bibie, kinachokuchekesha nini?" akasema, na tai ilikuwa imemwendea upande. "Mtu wa kutoka ng'ambo, anaitwa Uji-Mchachu, anakuja kutucheka sisi? Kwenu walipewa jina la chakula cha nguruwe, sisi tunajadili historia."

Ottmar alikuwa anageuza soseji. Aliweka koleo chini.

"Burkhard," akasema. "Mwombe radhi."

Hakusema kwa nguvu, lakini waliokuwa karibu walinyamaza, kwa sababu hawakuwahi kumsikia Ottmar akimwamuru mtu. Ukimya ukatambaa kutoka penye jiko la soseji mpaka mbele.

"Wewe shughulika na soseji zako," Burkhard akasema.

"Soseji zitasubiri. Mwombe radhi, la sivyo…"

Ottmar hakuwa amejiandaa kwa "la sivyo". Alikuwa mgeni wa mambo haya. Akatupa macho huku na huku, yakaangukia bango.

"La sivyo nitasema kuhusu yule farasi."

"Farasi ana nini?"

"Si farasi. Ni mbwa. Uliponionyesha ukaniuliza kama ni farasi mzuri, nikasema inawezekana. Nilikudanganya, Burkhard. Umechora mbwa mwenye tandiko, na kijiji kizima kinajua."

"Mimi nilidhani ng'ombe," akasema yule mzee wa barabara ya juu.

Angeishia hapo, ingekuwa ugomvi wa kawaida. Lakini Ottmar alikuwa amefungua bomba ambalo halikuwahi kufunguliwa, na hakujua linavyofungwa. Akamgeukia mama wa mbele, akamwambia kwa upole kwamba nyama ile aliyoilalamikia wakati wa Krismasi haikuwa ya jana, haijawahi kuwa ya jana, na yeye mama anajua. Akamwambia daktari wa meno kwamba anapiga honi sana asubuhi. Akawaambia kina Kiziwi kwamba wanasikia kila kitu na waache kujifanya. Akawaambia watu wa juu walipaswa kuazimisha ile pampu, na watu wa chini kwamba wao ndio waliopoteza tarumbeta, na kwamba soseji haina chumvi nyingi wala chache, ina chumvi anayoitaka yeye. Kisha pumzi zikamwishia. Akawatazama watu wote wale walioshika sahani tupu, akavua aproni, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Roswitha alimkuta ameketi kwenye ngazi ya gari la zimamoto, mikono mikubwa juu ya magoti.

"Nimeanzisha," Ottmar akasema.

"Umeanzisha," Roswitha akasema, akakaa kando yake.

"Sasa watanyamaza. Hujui jinsi wanavyoweza kunyamaza. Baba yangu alinyamaza mpaka ndugu yake akawekwa kaburini."

"Wasikilize kwanza."

Ottmar akasikiliza. Kutoka ukumbini ilikuja sauti ya watu wote wakizungumza kwa pamoja, na katikati yake mtu mmoja alikuwa anacheka kwa kelele, halafu wengine.

"Sikuwa nimepanga kusema yale yote," akasema.

"Ya honi nimeyapenda. Ulienda kwa kasi nzuri."

Halafu Ottmar akamweleza habari ya Mechthild na bahari, jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Hakulirefusha. Roswitha hakumwambia kwamba si kosa lake, wala kwamba marehemu alishasamehe. Alisema, "Hilo huwezi kulirudisha tena," na akaacha mkono wake juu ya mkono wa Ottmar.

"Nilitaka jina langu uwe nalo kwa sababu sijui mke asiye nalo anakuwaje," Ottmar akasema baadaye. "Mama alikuwa nalo. Mechthild alikuwa nalo. Hata mke wa baba mkubwa, aliyekatazwa kuongea nasi, alikuwa nalo."

"Mimi sijui mume anakuwaje kabisa, awe na jina gani. Tutajifunza. Lakini mtaalamu amesema, na tulikubaliana."

"Tulikubaliana," Ottmar akasema. "Ila sijafurahi."

Roswitha akamgeukia akamtazama kama mwalimu aliyesikia noti sahihi kutoka kwa mwanafunzi aliyemkatia tamaa.

"Usifurahi," akasema. "Una haki. Nioe hivyo hivyo ukiwa hujafurahi."

Burkhard alinuna. Siku kadhaa alipita mbele ya bucha akitazama upande wa pili, ambako hakuna kitu isipokuwa ukuta. Ottmar alihisi kile kimya cha utotoni kikija kukaa tena mezani kwake, na safari hii hakutaka kukipakulia. Alifunga duka mapema, akachukua soseji moja ndefu aliyoikausha tangu msimu uliopita, akaenda Kinuni akabisha hodi.

"Nimekuja," akasema Burkhard alipofungua. "Yule bado ni mbwa. Lakini sikupaswa kusema mbele ya Mmarekani."

Burkhard akainyoosha tai yake.

"Miguu ya farasi ni migumu kuchora," akasema. "Nilimwiga mbwa wa dada yangu, ndiye pekee aliyekubali kusimama."

"Na Roswitha?"

"Nitamwambia Jumapili. Nilikuwa na hasira, jina lake si baya. Bibi yangu alikuwa anapika huo uji, na nilikuwa naupenda." Akaitazama soseji. "Hiyo unaingia nayo au unaondoka nayo?"

Wakaila kwa mkate na haradali, wakabishana kuhusu pampu mpaka jua likazama, na hakuna aliyefariki. Jumapili Burkhard alipanda ngazi za kanisani mpaka kwenye kinanda akaomba radhi, na Roswitha akampokea kwa kupiga wimbo wa mwisho polepole, kitu ambacho kwaya ilimshukuru Burkhard kwa miezi.

Wakaoana mwanzoni mwa vuli. Mama wa ofisi ya ndoa, naye Hebestreit kwa mumewe, aliyasoma majina yote mawili bila kucheka mpaka mwisho, kisha akaomba dakika moja akatoka nje. Roswitha akahamia barabara ya chini na kibao chake cha jina. Sanduku lao la barua likawa la kwanza Kalkrode kuwa na jina ambalo halihitaji maelezo zaidi, na haukupita muda watu wa mizigo wakaligundua. Walikuwa wamechoka kupeleka viatu vya Hebestreit wa Darajani kwa Hebestreit wa Soseji. Sasa mzigo wa Ottmar ukaandikwa "kwa Sauerbrey", ukafika. Na watoto waliotumwa nyama wakaanza kuambiwa waende kwa Ottmar wa Uji. Roswitha alipolisikia mara ya kwanza alisema kwamba baada ya miaka mia kadhaa Dakta mwingine atakuja na ramani kuwaeleza watu wa hapo kwamba babu yao alipenda uji, na watamkatalia kwa ukali.

Siku ya Watakatifu Wote walikwenda makaburini na taa nyekundu kama kila mtu. Ottmar alipalilia kaburi la Mechthild, Roswitha akaweka maua, akarudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa pembeni.

"Jiwe limepinda," akasema.

"Halijapinda."

"Limepinda kuelekea kaburi la yule Kiziwi."

"Roswitha, jiwe hili nimelitazama kila Jumapili tangu liwekwe. Liko wima kama mshumaa."

"Kwa sababu nawe umelitazama ukiwa umepinda."

Watu wa makaburi ya jirani waliacha kupalilia wakasikiliza, maana habari ya Ottmar kubishana ilikuwa bado mpya. Walibishana kwa heshima, taa mikononi, Roswitha akionyesha kwa mwavuli, Ottmar akitikisa kichwa. Mwishowe Ottmar akapiga magoti kwenye udongo wenye unyevu, akafumba jicho moja, akaliangalia jiwe kwa makini kutoka chini.

"Kidogo," akasema. "Kidogo sana."

Akaliegemeza bega lake kubwa, akalisukuma taratibu, huku Roswitha akisimama mbele akimwambia bado, bado, hapo.